Biriani, pilau au chapati na kuku wa paka: upike nini ndugu wakija kupika pamoja

Ndugu wakishasema "Jumapili tunakuja, tutapika huko huko kwako", swali linalofuata kwenye grupu la familia ni moja tu, tunapika nini, na majibu karibu siku zote ni matatu: biriani, pilau, au chapati na mchuzi. Wengi wanachagua kwa mdomo, yaani nani anapenda nini, afu siku yenyewe unakuta mtu mmoja yuko jikoni peke yake na moshi wake, wengine wote wako sebuleni na simu wanauliza kama chakula bado. Kama mnataka kula tu basi agizeni, hakuna ubaya. Ila kama mnataka kukaa pamoja na kupika pamoja, mi nasema kichaguliwe chakula kwa kuangalia mikono: kazi zake zinagawanyika vipi, nani anaziweza, na moto wa nyumba hiyo unatosha ama hautoshi.

Hapa nalinganisha hivyo vitatu kwa hesabu ya watu 15 hivi, wakubwa na watoto, nyumba ya kawaida tu yenye jiko la gesi la plate mbili na jiko la mkaa uani.

Kwanza tuelewane nazungumzia nini. Biriani ni ya kwetu pwani, ya Unguja, Tanga, Mombasa, ambayo wali una sufuria yake na masala yana sufuria yake, vinakutana kwenye sinia. Ile ya Hyderabad kule India nyama mbichi iliyolala kwenye mtindi na viungo inakaa chini, wali ulioiva nusu unawekwa juu, mdomo wa sufuria unazibwa na unga uliokandwa na vyote vinaivia humo humo kwa mvuke. Ni tamu mno, lakini kwa ndugu wengi siishauri, ukishaziba huwezi kuonja, huwezi kurekebisha chumvi, na kama mchele na nyama havikwenda sawa utajua wakati watu wameshanawa mikono. Pilau ni ile ya kahawia, rangi yake inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa vikaiva kweli, haitiwi manjano. Na chapati ni hizi zetu za tabaka tabaka, za unga mweupe na mafuta ndani. India chapati ya kila siku ni ya unga wa ngano usiokobolewa na haina mafuta, hii yetu iko karibu zaidi na paratha yao.

Kuku wa paka sasa, hicho chakula kina historia inayonifurahisha. Ni kuku wa kuchoma aliyeingizwa kwenye mchuzi wa nazi, na kimetoka kwenye nyumba za Wahindi wa pwani yetu hii, wafanyabiashara waliotoka Gujarat na Kutch wakafuata pepo za kaskazi wakakaa Zanzibar, Mombasa, Bagamoyo, wakakuta nazi na mkaa wakavichanganya na viungo vyao. Wengine wakaja baadae na reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India na elfu kadhaa walibaki. Afu Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda 1972, wengi walikwenda Uingereza na mapishi yao, ndo maana mpaka leo ukienda Leicester au Wembley kule London unakuta kuku wa paka na mihogo ya kukaanga kwenye mahoteli ya Wahindi, na mihogo wenyewe wanaiita mogo. Kwa hiyo mtu akikwambia hiki ni chakula cha Kihindi ni kweli, akikwambia ni chakula cha pwani ya Afrika Mashariki ni kweli pia.

Haya, mikono.

Biriani ina kazi nyingi kuliko vyote na hapo ndo watu wanadanganyika, wanaona kazi nyingi maana yake kila mtu atapata ya kufanya. Si kweli sana. Kazi za biriani za mwanzo ni za kugawana, kumenya vitunguu (kwa nyama kilo 2 andaa vitunguu karibu kilo 2 pia, usishangae, vikikaangwa vinasinyaa vinabaki kidogo), kutwanga thomu na tangawizi, kukwaruza papai bichi la kulainishia nyama, kumenya viazi, kuchambua kotmiri. Hapo hata watu sita wana kazi. Lakini kuanzia vitunguu vinapoingia kwenye mafuta mpaka masala yanaiva, biriani inataka mkono mmoja. Vitunguu vya biriani vikizidi kidogo masala yote yanakuwa machungu, vikipungua masala yanakuwa mepesi yenye utamu tamu, na anayejua ni yule mwenye mkono wake, shangazi au mama mkubwa au bibi. Mdogo anasimama pembeni na chujio. "Shangazi, nivitoe?" "Bado mwanangu, vinalia. Vikinyamaza ndo utoe, vitamalizia rangi vyenyewe nje." Na hayo maneno ni ya kweli kabisa, maji yakiisha kwenye kitunguu ile kelele ya mafuta inapungua, na ukisubiri mpaka viwe rangi unayotaka vikiwa bado ndani umechelewa.

Kwa hiyo biriani ni nzuri kama mnae mtu wa kuongoza na nyie wengine mnataka kujifunza kwake. Kwa hilo tu mimi naiheshimu kuliko vyote, bibi akiwa bado ana nguvu za kusimama jikoni, pikeni biriani yake, na mmoja wenu aandike vipimo anavyotumia kwa kiganja na kwa jicho. Lakini kama hakuna mjuzi na wote mnabahatisha, watu wanne kwenye sufuria moja ya biriani ni ugomvi, huyu kaongeza nyanya ya kopo, yule kaongeza ndimu, mtindi umekatika, basi.

Pilau ni kinyume chake. Pilau mtu mmoja anaipika kwa watu 15 bila shida, kilo 2 za mchele, kilo 2 za nyama, sufuria moja, na akizoea hata akiwa anaongea na wageni. Nyama ichemshwe kwanza na tangawizi na chumvi, supu iwekwe pembeni. Vitunguu vikaangwe viwe kahawia, thomu na tangawizi, jira (wengine binzari nyembamba, Zanzibar uzile), pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu, nyama, viazi, supu, mchele. Maji ndo pa kuangalia, mchele mpya unakunywa kidogo kuliko mchele uliokaa, kwa hiyo usishike kipimo cha mwenzio aliyepikia mchele wa Mbeya wakati wewe umenunua basmati, na basmati ukiuloweka nusu saa unapunguza supu zaidi. Ikikauka palia makaa juu ya mfuniko. Kwenye gesi funika na foili, moto mdogo kabisa, inaiva vizuri.

Wengine wafanye nini sasa wakati pilau iko jikoni? Kachumbari, ambayo ni ya watu wawili kwa muda mfupi. Hiyo ndo shida yake kwa siku ya familia, pilau haimpi mtu kazi. Uzuri wake ni kwamba inaacha jikoni wazi, na hapo kama mnataka watoto na vijana wafanye kitu mnaweka sambusa pembeni, mmoja anapasha manda, mmoja anajaza, wengine wanafunga. Pilau na sambusa pamoja zinafanya siku nzuri kabisa bila mtu kuchoka.

Chapati na kuku wa paka ndo chaguo langu, nasema mapema nisizungushe. Hakuna chakula kingine kati ya hivi kinachoweza kuweka watu wanane kazini kwa pamoja bila kugombania mwiko. Kilo 3 za unga zinatoa chapati kama 36 mpaka 45 kutegemea unazikata ukubwa gani, zinatosha watu 15 na zinabaki. Mwenye nguvu anakanda, unga unapumzika nusu saa au zaidi, afu mnakaa mkekani au mezani: mmoja anasukuma ya kwanza, mmoja anapaka mafuta, mmoja anakunja na kuzungusha madonge, madonge yanapumzika tena kidogo, mwingine anasukuma ya mwisho, wawili wako kwenye moto. Watoto wanaweza kupaka mafuta na kuzungusha madonge, na chapati ya mtoto ikitoka na umbo la ramani ya nchi isiyojulikana inaliwa vile vile, tena yeye mwenyewe ndo anaitafuta kwenye hotipoti. Kwa biriani huwezi kumpa mtoto kazi yoyote iliyo karibu na utamu wenyewe. Kwa chapati unampa.

Na mazungumzo yanakuja yenyewe. Watu wakiwa wamekaa, mikono inafanya kazi nyepesi ya kurudia rudia, wifi anaanza kuhadithia, mjomba anakumbuka kitu cha zamani, binamu mliyekuwa hamjaongea miezi anakwambia mambo yake. Sijaona hilo likitokea kwenye sufuria ya pilau.

Sasa ubaya wa chapati, na ni mkubwa, ni moto. Chapati moja inachukua dakika 2 mpaka 3 kwenye kikaango. Chapati 40 kwa kikaango kimoja ni karibu saa mbili za mtu kusimama, kwa viwili ni saa moja, na hapo plate zote mbili za gesi zimeshikwa, kwa hiyo kuku wa paka lazima awe kwenye mkaa. Kwa bahati nzuri ndo mahali pake. Kuku watatu wakatwe, walale na thomu, tangawizi, ndimu, chumvi na pilipili, wachomwe kwa mkaa mpaka waive karibu kabisa na ngozi ishike alama za moto, afu sufuria ya mchuzi inawekwa juu ya makaa yale yale. Nyanya, manjano, jira kidogo, pilipili, tui jepesi kwanza, kuku aingie, na tui zito mwisho kabisa bila kufunika, unakoroga taratibu mpaka lianze kuchemka. Ukifunika au ukiacha kukoroga tui linakatika. Nazi nne kubwa zinatosha, mayai ya kuchemsha ukipenda. Kama kuku ni wa kienyeji achemshwe kwanza, kuchoma peke yake hakumlainishi. Hii kazi ya mkaani wape wajomba na mashemeji, kwenye familia nyingi wanaume wanasema hawapiki lakini ukiwaambia kuna kuku wa kuchoma wanavuta viti wenyewe.

Kama hamna mkaa na gesi ni plate mbili tu, usilazimishe chapati. Hapo pilau inashinda, wala sio kwa kubahatisha, sufuria moja plate moja, nyingine ya chai na maji. Biriani kwenye plate mbili inawezekana kama masala mmepika jana yake, na kusema kweli masala ya biriani yakilala usiku mmoja kwenye friji yanakuwa matamu zaidi, kesho yake unachemsha wali tu, unatia samli, zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa ya moto au rangi ya njano, vitunguu vya kukaanga juu, unapalia.

Kingine ambacho watu wanasahau ni nani anakula nini. Familia zetu sasa hivi zimechanganyika, unaweza kuwa na shemeji Mhindu asiyekula nyama kabisa, mama mdogo ambae daktari kamkataza nyama nyekundu, watoto wasiotaka pilipili. Pilau ya nyama hapo inafeli moja kwa moja, supu ya nyama imeshaingia kwenye kila punje, huwezi kumwambia mtu atoe nyama ale wali. Biriani ya pwani ndo inashangaza hapa, kwa sababu wali wake uko peke yake, hauna supu, unaweza kupika masala ya mbuzi sufuria kubwa na masala ya viazi, njegere na karoti sufuria ndogo, sinia ni zile zile, kila mtu anachukua yake. Na pilipili ikae kwenye masala tu, watoto wanakula wali na kiazi na mtindi wako sawa. Ila mwiko ni tofauti, mafuta ya kukaangia ni tofauti, usichanganye afu ukamwambia shemeji haina nyama, mtu anakula kwa imani yake.

Chapati nayo iko vizuri kwa hilo, ongeza tu choroko za nazi (Kenya ndengu). Choroko zikichemshwa zinaiva kwa dakika 40 mpaka saa moja, kwenye presha kuka ni dakika 20 hivi, unatia nyanya na tui, afu mwisho unakaanga jira na thomu kwenye mafuta ya moto unamwagia juu. Hiyo mwisho usiiruke, ndo inayofanya nyumba nzima wajue kuna kitu. Choroko zinamtosheleza asiyekula nyama bila kujiona amepikiwa cha pembeni, kwa sababu na wengine wote wanazila. Hakikisha tu chapati umetumia mafuta ya mimea, sio ya wanyama.

Kwa hela sina mengi. Biriani ndo ya gharama, vitunguu vingi, samli, mtindi, nyama nyingi, na zafarani ya kweli bei yake inajulikana. Pilau ya kati. Chapati unga sio tatizo, gharama iko kwa kuku na nazi, na kama mfuko umebana acheni kuku mfanye choroko na mchuzi wa mayai, siku itakuwa nzuri vile vile. Viungo kwa vyote vitatu nunueni nzima mkaange na kusaga wenyewe, karafuu za Pemba, iliki za Muheza, pakiti iliyosagwa ikakaa dukani mwaka haina harufu tena na ukiongeza nyingi inakuwa chungu tu.

Mezani pia kuna tofauti. Biriani na pilau ni vya sinia, watu wanne watano mnazunguka, wazee na wazee, watoto na watoto, na kwenye sinia mkubwa anamsogezea mdogo nyama. Hilo chapati haina, chapati kila mtu na sahani yake. Kwa hiyo kama sababu ya kukutana ni kitu kizito, posa, mgeni aliyetoka mbali, Idi, mi hapo naiacha chapati naenda kwenye biriani bila kujiuliza. Mgeni wa heshima ukimpa biriani ameelewa.

Walio nje, Uingereza, Marekani, Muscat, hesabu inabadilika kidogo. Nyumba za ghorofa huko mkaa hauruhusiwi, kuku anachomwa kwenye grili ya oveni, moto wa juu, karibu na chuma, na anatoka vizuri. Tui la kopo linafaa ila ni zito, lipunguze na maji kwa lile la kwanza, lililobaki lisubiri mwisho. Kukaanga vitunguu vya biriani ndani ya fleti harufu inakaa kwenye makoti wiki nzima na kengele ya moshi inalia, kwa hiyo wengi huko wananunua vitunguu vilivyokaangwa tayari kwenye maduka ya Wahindi, na vinafaa kabisa. Chapati kwa kweli huko ndo zinang'ara, jiko la umeme la plate nne, vikaango viwili vitatu, watoto waliozaliwa huko wanajifunza kusukuma na bibi yao anawaangalia kwenye simu kutoka Tanga.

Na mabaki, kwa sababu kwa watu 15 lazima yabaki. Wali wa pilau na biriani usiulaze nje, ukipoa tu uingie kwenye friji, wali uliokaa kwenye joto masaa mengi unaumiza matumbo hata kama haujanuka, na kuupasha tena hakuuokoi. Masala ya biriani yanakaa vizuri siku mbili. Mchuzi wa nazi ndo unaoharibika haraka kuliko vyote, uishe siku hiyo hiyo au uingie kwenye friji usiku huo. Chapati zifungwe kwenye kitambaa safi, zikibaki asubuhi zinapashwa kwenye kikaango kikavu na chai ya maziwa yenye iliki, kwa hiyo waliolala kwako wana kifungua kinywa, na anayeondoka alfajiri mfungie nne za njiani na yai la kuchemsha.